Chumba cha Nguo Kilichopimwa Uani

Wako watu wanaodhani kwamba adabu ni jambo la kanisani na mezani tu. Mimi nimeiona ikipanga mbao ukutani na kutoboa nyumba ya mawe, na ndiyo sababu nasimulia habari za chumba changu cha nguo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, watu walipoanza kuruhusiwa kutoka katika vijiji vya hali ya hatari, walikofungiwa na serikali ya mkoloni, na kujenga tena kwenye mashamba yao. Mume wangu, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli ya Thika, alijenga nyumba ya mawe ya kuchonga huko Ruiru, karibu na shule niliyokuwa nikifundisha. Katika kona iliyobaki kati ya sebule na chumba cha kulala alibandika kijumba cha ziada. Paa lake liliteremka: lilikuwa juu kwenye ukuta wa chumba cha kulala na chini kabisa upande wa nje. Mlango wake ulikuwa mmoja, na ulipitia chumbani mwetu. Yeye alikusudia kuweka humo baiskeli na magunia ya mahindi. Nikakataa. Nilitaka chumba ambacho mtu anaingia, anasimama katikati, na nguo zake zote zinamtazama.

Sikuwa na tamaa ya nguo. Nilikuwa na gauni chache, na hata leo nawaonea huruma vijana wanaonunua suruali ya tatu kabla ya kuwa na msumari wa kutundikia ya kwanza. Sababu yangu ilikuwa nyingine. Nyumbani tulikolelewa, nguo ziliningʼinia kwenye kamba juu ya meko. Nilipofika chuo cha ualimu, msichana wa kitanda cha jirani alininusa begani, akaniuliza mbele ya wenzetu kama kwetu tulikausha nyama au watu. Nilimsimulia mama yangu kisa hicho kama mzaha. Mama hakucheka.

Basi aliposikia habari za chumba cha nguo, alikuja Ruiru kwa miguu na shauri lililokwisha kukatwa. Alikuwa na mti mmoja wa mukima uliokomaa, ule mti tunaoupanda kuipa kahawa kivuli. Ulikuwa umenusurika wakati nyumba yake ilipobomolewa.

"Nimeuangusha, Maitu," aliniambia. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Mbao za chumba chako zitatoka kwangu. Na nitakipanga mimi."

Hapo ndipo ilipozuka shida. Kwetu mama hakanyagi chumba cha kulala cha mume wa bintiye, wala hatupii macho kitanda chake. Mama alikuwa mkristo tangu ujana, naye aliacha mengi ya kale bila kujuta, lakini hili hakuliacha. Nami sikumshauri aliache. Kwa hiyo chumba alichotaka kukipanga asingeweza kukiona, maana njia ya kukifikia ilipitia kitandani petu.

Mama aliona kwamba kama yeye haendi chumbani, chumba kitakuja uani. Alinituma nipime kuta kwa kamba ya katani, kisha akazitandaza kamba hizo mbele ya jiko, akachomeka vijiti kwenye pembe, akaketi kwenye kigoda. Mume wangu aliitwa asimame ndani ya kamba awe kipimo. Alisimama hatua chache tu mbele ya mama, lakini kwa adabu ya ukwe kila neno lilipitia kwangu.

"Mwambie mume wako ainue mkono kama anayetundika koti."

"Anasema uinue mkono."

"Nimesikia," alisema mume wangu, akiutazama mparachichi. "Mwambie mama mkono umefika mwisho."

"Mwambie asisimame kwa vidole vya miguu. Siku akiwa mzee atalifikiaje?"

Jirani yetu, mwanamke asiyepitwa na jambo, aliegemea ua akitutazama. "Karani, umetiwa zizini?" aliuliza. "Mimi nikupe nyasi au pumba?"

"Lete chai," alijibu mume wangu, mkono bado ukiwa juu.

Mama hakugeuka. Alikwisha kuona kwa nje jinsi paa lilivyoteremka, akafikiri vyema: nguo ndefu zinataka urefu, basi kabati la makoti na gauni liwekwe upande wa juu. Upande wa chini ziwekwe rafu za shuka, viatu na kofia. Ubavuni, upande wa sebule, aliacha nafasi wazi ya kuingilia. Fundi seremala alitoka Thika na futi yake, akapima kila kitu palepale uani, akachukua mbao kwa mkokoteni.

Mume wangu aliiona hitilafu, nami niliiona: mlango haukuwa upande wa sebule, ulikuwa palepale alipoliweka kabati. Lakini mkwe atamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea mlango wa chumbani kwake? Angetaja mlango, angetaja na kitanda. Alidhani mimi nitasema. Mimi nilidhani mama amekwisha kulifikiria, kwa kuwa hakuzoea kusahau. Kila mmoja alimheshimu mwenziwe, na fundi akaenda kupasua mbao.

Kabati liliporudi lilikuwa zuri ajabu, jekundu kwa vanishi, refu kuliko mlango. Liliweza kusimama upande mmoja tu: kwenye ukuta wa chumba cha kulala, likiuziba mlango wenyewe.

Fundi alikuna kidevu. "Nikate miguu na kichwa, liingie upande wa chini," alisema. "Dakika chache tu za msumeno."

"Na makoti?"

"Yatakunjwa, mwalimu. Koti halina mifupa."

Nilimkataza asiguse msumeno. Mti ule ndio pekee uliobaki wa boma la mama, na aliutoa ili mtu yeyote asimnuse tena mtoto wake begani. Kumpelekea habari kwamba tumeukata tena, kwa sababu alikosea, kungekuwa kumrudishia zawadi yake usoni. Naye alikuwa aje Jumamosi ya wiki ileile kusikiliza, akiwa uani, jinsi kazi ilivyokwenda.

Mume wangu alikaa sebuleni akiutazama ukuta wa kijumba. Hatimaye alisema, "Tutoboe hapa."

"Hapa sebuleni? Wageni wanywe chai wakitazama nguo zangu?"

"Watatazama mlango. Wakiwa na adabu hawataufungua."

Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu adabu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nilianza kuondoa viti ukutani. Aliitwa mwashi, mawe yakatolewa, vumbi likaingia hata katika sukari. Kabati likasimama mahali alipolitaka mama. Mlango wa zamani ulibaki chumbani kwetu, na hata leo ukiufungua unakutana na mgongo wa kabati.

Jumamosi mama alikuja na kikapu cha ndizi, akakaribishwa sebuleni kama kawaida. Nilimfungulia mlango mpya. Alichungulia, akatazama kushoto na kulia, akahakikisha kwamba hakuna kitanda popote, akaingia. Alipitisha kidole kwenye saruji iliyokuwa bado na unyevu, akakitazama kidole, akakipangusa kwenye leso. Kisha alifungua kabati, akagusa mbao zake, na uso wake ukafunguka kama wa msichana.

"Umetundika vibaya, Maitu," alisema. "Gauni haiwekwi kando ya koti la mwanamume, utaitafuta hadi kengele ya shule ilie." Akauvuta mlango ukajifunga, akaanza kutoa nguo zote azitundike upya. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisa humo ndani, na hanga zikigongana.

Zamu ya mume wangu stesheni ilikuwa inakaribia, na koti lake la reli lilikuwa humo ndani. Alikwenda mlangoni, akainua mkono kubisha, akaushusha. Mkwe atamfukuzaje mama mkwe mahali ambapo hatimaye amepata ruhusa ya kuingia?

"Nikuitie?" nilimuuliza.

"Mwache. Hajamaliza."

Fundi, aliyekuja kuchukua vifaa vyake, alivua koti lake lenye madoa ya gundi na unga wa mbao, akampa. Mume wangu alilivaa, likamfika juu ya kiuno, akapanda baiskeli kuelekea Thika huku jirani yetu akimuuliza uani kama reli sasa imeanza kuajiri maseremala.