Kiti cha Kunyamaza Sokoni Ogwedhi

"Keti. Mgongo uegemee. Miguu chini, usikunje. Na mdomo, mzee, mdomo funga!"

Elkana Maroa anaketi. Kiti ni cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya, na kimewekwa pembeni mwa soko la mifugo la Ogwedhi, mbali kidogo na pale ng'ombe wanapopakiwa kwenye malori. Ukimwona Elkana amekaa hapo mara ya kwanza utafikiri amekamatwa na polisi. Huyu ndiye broka mwenye sauti kubwa kuliko wote hapa. Akitaja bei ya fahali, watu wa upande wa Narok wanajua. Sasa ameambiwa anyamaze dakika tano nzima, siku ya soko, wanunuzi wamejaa tele!

Simu inalia mfukoni. Anaiangalia. Anamwangalia Helen, aliyemkalisha hapo. Helen anatikisa kichwa.

Mnunuzi anapita na kuuliza yule maksai mweusi anaenda kwa pesa ngapi. Elkana amebana midomo kabisa, lakini mkono unapanda polepole, vidole vinaanza kuhesabu.

"Vidole pia ni kuongea!" Helen anamkemea. "Haya, tunaanza upya."

Watu wanaangua kicheko. "Omera, ndugu yangu, leo umepatikana!" mmoja anapaaza sauti kutoka upande wa mbuzi. "Helen, mfunge kamba kama ndama!"

Helen Achieng', mama wa watoto watatu, ni mhudumu wa afya ya jamii, wale wanaoitwa CHP. Siku nyingi yeye ni wa kutembea boma kwa boma, mkoba mgongoni, akiuliza nani anakohoa, nani ni mjamzito, mtoto gani hajachanjwa. Posho yake ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na ikichelewa, uji wa wimbi anaouza asubuhi ndio unalisha nyumba.

Lakini siku ya soko anabeba kiti kichwani na mashine ya kupima presha kwa mkoba, anakuja hapa.

"Hawa wanaume huwapati nyumbani," anasema. "Ukienda kwa boma unaambiwa ameenda kuangalia ng'ombe. Nikasema sawa, basi wacha niwafuate huko kwa ng'ombe."

Ng'ombe anawajua vizuri. Alizaliwa Lambwe, kule Homa Bay, binti wa mfugaji. Hapa wanamwita Nyar Lambwe, yaani binti wa Lambwe, hata wale Wakuria ambao Kijaluo chao chote kinaishia kwa hayo maneno mawili.

"Baba yangu alikuwa akisikia ng'ombe amekohoa gizani anakwambia ni yupi," anasimulia. "Lakini mkono wake mwenyewe haukuwahi kupimwa hata siku moja. Alianguka zizini, upande mmoja ukalala. Ilikuwa presha. Hakusimama tena." Halafu anacheka, maana Helen hawezi kukaa na huzuni muda mrefu. "Sasa mimi nimekuwa daktari wa mifugo, lakini mifugo yangu inavaa kofia."

Mwanzoni hakukuwa na kiti. Helen alikuwa anamkamata mtu hivi hivi, ametoka kubishana bei, sigara bado inafuka, anampima akiwa amesimama. Mashine ikapandisha namba kwa kila mtu! Helen akashtuka, akaona soko zima linakufa. Akawatuma wote kituo cha afya, msafara wa mabroka wenye fimbo, mpaka wagonjwa waliokuwa kwa foleni wakafikiri kuna maandamano.

Mourine Mong'ina, ambaye ndiye daktari wa kituo hicho, aliwakalisha kwa benchi, akawaacha watulie, akawapima tena. Karibu wote walikuwa sawa. Akampigia Helen simu.

"Dada yangu, ulipima presha ama ulipima bei ya ng'ombe?"

Mpaka leo Mourine akikumbuka anafuta machozi ya kicheko. Halafu anakuwa makini. "Mtu akitoka kubishana, ama ametembea haraka, ama amevuta sigara, ama amekunywa kahawa sasa hivi, mashine itakupa namba ya uongo," anaeleza. "Atulie dakika tano. Mgongo uegemee, miguu iguse chini, mkono uwe umepumzika usawa wa moyo, asiongee. Na usimwambie mtu ana presha kwa sababu ya kipimo kimoja. Rudia, na umpime siku nyingine pia."

Hapo ndipo kiti kilipozaliwa. Kazi ngumu ikawa si mashine, ikawa kunyamaza. Broka anaishi kwa mdomo. Kumwambia anyamaze sokoni ni kama kumwambia mtu asile kwenye harusi yake. Watu wakaanza kuja kutazama tu nani ataweza na nani atashindwa, na wengi walishindwa kabla dakika ya pili.

Elkana ni mmoja wa wachache ambao hata baada ya kutulia, namba haikushuka. Mia moja sabini na mbili juu ya mia moja na nne. Soko lililofuata, karibu vile vile. Na yeye alikuwa anajisikia fiti kabisa!

"Presha ni mwizi anayeingia bila kubisha," anasema Mourine. "Wengi hawaumwi popote. Ndiyo maana tunawaambia wasingoje kichwa kiume ndio wapimwe."

Alimwandikia tembe moja kila siku. Akamwambia chumvi apunguze, hasa ile ya kunyunyizia nyama ikiwa tayari imeiva. Alipomwambia pia atembee, Elkana alicheka sana: mtu anayeswaga ng'ombe kutoka karibu na mpaka wa Tanzania unamwambia atembee?

Mambo yakawa mazuri. Mpaka siku ile Gichana alipoanguka.

Gichana ni rafiki wa Elkana, mpakiaji ng'ombe, jitu la mtu. Siku hiyo alikuwa anasukuma fahali kwenye lori mara miguu ikalegea, akadondoka kama gunia la mahindi. Helen alikimbia, akamlaza chali, akainua miguu yake juu ya jiwe, akampima. Tisini juu ya hamsini na sita. Wiki iliyopita huyu huyu alikuwa sawa kabisa! Akapelekwa kituo cha afya kwa pikipiki, katikati ya watu wawili.

Alipona vizuri. Lakini sokoni maneno yalikuwa yameshatoka zizini. Si alipimwa juzi? Si ile mashine ilimbana mkono mpaka akasema uwi? Basi inanyonya nguvu. Kufika saa ya chakula kiti kilikuwa kimekaa peke yake, hata mbuzi wanakizunguka.

Nyamongo, mwenyekiti wa kamati ya soko, alikuja kwa upole. "Mama, mimi sina shida na wewe. Lakini watu wanaogopa, na mtu akiogopa hanunui. Beba kiti yako. Soko ijayo tutakaa chini, tuamue kama itarudi."

"Hiyo siku nilitembea nikiwa nimebeba kiti, nikaona ni kizito kama kabati," Helen anasema. "Sikuwa nafikiria aibu. Nilikuwa nawafikiria wale wenye presha ya kweli. Kiti kikienda, nani atawaambia? Nilikuwa namwona baba yangu pale zizini."

Kesho yake akaenda kumwona Gichana. Alimkuta nyumbani anakula ugali na mboga, mzima kabisa.

"Gichana, kabla uanguke, ulikuwa umekula nini?"

"Sikuwa nimekula. Nilimeza tu dawa."

"Dawa gani?"

"Si ile yetu ya presha?"

"Yenu na nani?"

Gichana akamshangaa vile unavyomshangaa mtu mgeni. "Ile Elkana alipewa. Aligawa. Mimi nina mwili mkubwa, ikabidi nimeze mbili."

Ukiwa si mtu wa ng'ombe unaweza kufikiri hawa watu walikuwa wanacheza. Hapana. Hapa ng'ombe mmoja akipata kupe, hupeleki mmoja kwa josho, unapeleka wote. Kuosha mmoja na kuacha wenzake ni upumbavu, tena ni roho mbaya. Elkana alipoambiwa ana presha alifikiria wenzake wanaokula naye nyama, wanaokaa naye jua moja, akasema hii kitu lazima imewashika wote. Akagawa tembe zake kwa moyo safi. Za kwake zikaisha. Na kwa sababu alikuwa anajisikia vizuri, akaona kazi imekwisha.

Helen hakungoja. Alimkuta Elkana bomani anakagua meno ya mtamba.

"Baba Metrine," akamwita kwa jina la mtoto wake, "habari ya mifugo?"

"Nyar Lambwe! Mifugo salama."

"Ukiwa na fahali mgonjwa, daktari wa mifugo amempima uzito, amempa sindano. Hiyo dozi unaweza kupatia ndama pia?"

"Wewe! Unataka kuua ndama yangu?"

"Na ng'ombe mzima, hana ugonjwa, utamdunga hiyo sindano?"

"Ya nini sasa?"

"Basi nieleze ya Gichana."

Elkana akaachilia taya la mtamba. Watu wa nyumbani wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza walimwona amenyamaza bila kuambiwa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Nilifikiri ni kama josho."

"Josho ni ya kupe," Helen akamjibu. "Presha haina kupe. Haitoki kwako ikarukia jirani. Na tembe si ya kumaliza ugonjwa ukaacha, ni ya kuushikilia chini kila siku. Ukiachilia kamba, fahali anaondoka."

Alimpima hapo hapo, baada ya dakika tano za kimya. Mia moja themanini juu ya mia moja na nane. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa kwa pikipiki, wanaelekea kwa Mourine.

"Nilimgombeza kidogo, nikampa dawa tena," Mourine anasema. "Watu wengi wanafanya hivi, si Elkana peke yake. Mama anampa dada yake, jirani anaomba moja. Dawa ya presha inaandikwa kulingana na mwili wa mtu huyo. Na usiiache kwa sababu unajisikia poa. Unajisikia poa kwa sababu inafanya kazi. Ikikuletea kizunguzungu, rudi kwetu, usiamue mwenyewe."

Siku ya soko ikafika, kamati ikakaa. Helen alikuja na kiti kichwani, moyo unadunda kushinda mashine. Kabla Nyamongo hajafungua mdomo, Elkana alipanda juu ya ngazi ya kupakia ng'ombe.

"Nyinyi watu!" Sauti ikatoka, ng'ombe wakageuza vichwa. "Gichana hakuangushwa na mashine! Aliangushwa na tembe zangu! Nilimpa dozi ya fahali na yeye hana hata mafua!"

"Na nikameza mbili!" Gichana akaitikia kutoka chini, kifua mbele kama mtu ameshinda kura.

Soko likavunjika mbavu. Elkana hakushuka. Aliuza kile kiti kama anavyouza maksai: miguu minne imara, mmoja una waya lakini haujalegea, hakili majani, kinakwambia ukweli. Nani wa kwanza? Nani wa kwanza? Wa kwanza alikuwa Nyamongo mwenyewe, na alinyamaza dakika tano bila shida, maana alikuwa ameona haya kwa kukifukuza.

Leo, miezi mitatu baadaye, Elkana amevumilia mpaka mwisho, kwa jaribio la pili. Helen anavingirisha kitambaa mkononi mwake, mashine inanguruma, inashusha pumzi. Mia moja thelathini na nne juu ya themanini na mbili.

"Naweza kuongea sasa?"

"Ongea."

"MAKSAI MWEUSI NI ELFU SABINI!" Mnunuzi, ambaye alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, anaruka.

Helen ana mpango. Anataka kibanda kidogo cha mabati na viti vitatu, kimoja upande wa kina mama wanaouza nafaka, kwa sababu wao pia wanasema hawana muda. Kamati imekubali kumpa nafasi karibu na lango, na Gichana ameahidi nguzo. "Nikipata kibanda, nitamleta Mourine mara moja kwa mwezi, apime na sukari. Nataka mtu akija kuuza ng'ombe, arudi nyumbani akijijua kama anavyomjua ng'ombe wake. Unajua, hata kule Lambwe nataka siku moja tuanze, kwa sababu wazee wa kule pia…"

"Nyar Lambwe," Elkana anamkatiza. "Wewe mwenyewe ulipimwa lini?"

Helen anainamia mkoba wake, anaanza kupanga vitu.

"Keti!"

"Aa, mimi nina watu wanangoja…"

"Mgongo uegemee. Miguu chini."

Anakalishwa. Mabroka wanasogea, mbuzi wanaachwa bila wenyewe. Helen Achieng', ambaye hajanyamaza tangu alfajiri, anabana midomo, mashavu yamefura kwa kicheko. Mwanamke wa nafaka anapita na kuuliza kama bado uji upo. Mkono wa Helen unaanza kupanda.

"Vidole pia!" soko zima linapaaza sauti. "Anza upya!"