Nusu Digrii

Fundi wetu wa magurudumu hupapasa tairi kwa kiganja, kama mzazi anayetafuta homa, huku akinong'ona hesabu. Matairi yangu ya mbele yalikuwa yanalika upande mmoja. Nilishajiaminisha kuwa chasisi imepinda, na kesho yake nilitakiwa kumpeleka mama kliniki.

"Chasisi ni nzima, shemeji," akasema kutoka chini ya gari. "Aliyekufungia magurudumu alitakiwa ayaache yaelekee ndani nusu milimita, yeye akaacha nusu digrii. Kwa tairi la ukubwa huu, hiyo ni milimita tano!"

Akalegeza, akapima, akanong'ona tena, akakaza. Kisha akapanda kando yangu, tukaingia barabarani.

"Barabara imenyooka. Achia usukani."

Nikaachia. Gari likaenda bila kuyumba. Nilipomgeukia nimshukuru, ndipo nilipoona mkono wake ukiachia mshikio wa mlango, kidole kimoja kimoja.