Mgeni Aliyekula Lengalenga Zetu Ruziba

Sikulazimishi uniamini. Nataka tu ujue kwamba nilikuwepo, nilikuwa macho, na sikuwa na homa. Mume wangu Hamadi alikuwepo, mama yake alikuwepo, na sisi watatu hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa hili.

Nianze na gari, maana bila gari hutanielewa.

Mdogo wangu Saidi anaishi Italia. Kila kiangazi yeye na mkewe hufunga karavani nyuma ya gari lao, yaani kijumba cha magurudumu chenye kitanda na jiko, wakazunguka nchi nzima. Wenzao huagiza nafasi kwenye viwanja vya kambi miezi mingi kabla. Yeye haagizi. Alinieleza siri yake kwenye simu: tafuta mahali jua likiwa bado juu. Ufuko ukijaa watu, panda vilimani. Kambi zikijaa, mwombe mkulima akuruhusu ulale pembeni ya shamba lake, kisha ununue anachouza, mafuta ya zeituni au jibini, ili muachane kwa uso mzuri. Na asubuhi usiache hata ganda la yai.

Nilimwambia Hamadi hayo kama mzaha. Lakini Hamadi ni fundi bodi hapa mtaani kwetu Jabe, Bujumbura, kazi yake ni kunyoosha magari yaliyobonyea, na fundi humwambii jambo kama hilo ukategemea atalala. Alipata minibasi kuukuu, akang'oa viti, akaweka vitanda, jiko dogo la gesi na mapazia. Mafundi wenzake wakamcheka. "Hamadi, mke amekufukuza nyumbani?"

Alikuwa na sababu yake. Mama yake alikuwa anapoteza macho, na daktari alisema hayatarudi. Mama hakuomba dawa nyingine. Aliomba jambo moja tu: alione ziwa, ufuko wote, kutoka Bujumbura hadi kusini kabisa, kabla giza halijamfikia. Maisha yake yote aliishi mjini, na ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu, kama mtu anayemwona jirani juu ya ukuta. Hamadi alikubali kwa sharti moja. "Mama, usiku wa kwanza ukituharibikia, tunarudi nyumbani. Sitakuzungusha na macho hayo."

Basi tukaondoka bila kuagiza popote. Jioni ya kwanza ilitukuta Ruziba, kusini kidogo tu ya mji. Nyumba ya wageni tuliyotegemea kuegesha uani mwake ilikuwa imejaa watu wa harusi. Nikakumbuka maneno ya Saidi, nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akimwagilia bustani, nikamwomba mahali. Alituonyesha juu, karibu na nyumba yake. Nikanunua lengalenga zake, yaani mchicha, mafungu makubwa, na yeye akaongeza jingine bure. Unaona? Ushauri ulifanya kazi, neno kwa neno.

Kosa lilikuja baadaye, na lilikuwa letu. Yule mama alipoingia ndani, Hamadi alishuka kidogo akaona uwanja mzuri karibu na maji. Majani yalikuwa mafupi, laini, yamelingana kama zulia, na katikati kulikuwa na kijia kipana kilichoteremka hadi ziwani. "Huku ndiko," akasema. "Angalia, wameshafyeka. Ni kama zile picha za Saidi." Sisi watu wa Jabe tumezoea kwamba majani mafupi kando ya ziwa ni ya maharusi kupigia picha. Hatukujiuliza nani aliyafyeka. Tukateremsha gari, tukaweka mawe chini ya magurudumu, Hamadi akawasha taa zote ili Mama ayaone maji, na Mama akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, ametulia kama mtoto aliyeshiba.

Tulikuwa tumemaliza kuswali Magharibi alipokuja.

Alikuwa mwanamke, mnene kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na alitembea bila sauti. Nguo zake zilikuwa zimelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Uso ulikuwa mpana, macho madogo. Kijasho kilichomtoka shingoni kilikuwa chekundu, na niamini, nilikiona kwenye mwanga wa taa. Tone la maji lilipomteremkia usoni, masikio yake yalicheza. Yote mawili, kwa pamoja.

Hamadi alidhani ni mlinzi wa uwanja. Akasimama. "Mama, kama ni mambo ya kiwanja, tumeshaongea na mwenye shamba."

Mama mkwe akamkatiza. "Hamadi, kaa chini. Mgeni anaulizwa shida mdomo ukiwa mukavu? Karibu, dada. Bisimillah."

Hiyo ndiyo desturi yetu, nawe unaijua: kinywaji kwanza, maneno baadaye. Nikamletea maji kwenye kikombe. Akakitazama kwa huruma. Nikaleta beseni lililojaa. Alilinyanyua akalimaliza bila kupumua. Kisha akaziona lengalenga, akaniangalia kwa haya, kama mgeni anayeogopa kuomba. Nikampa fungu moja. Akalitia mdomoni zima, na vikonyo, na mizizi, na kamba iliyofungia. Nikampa jingine. Kwa kweli nilifurahi. Wewe hufurahi mtu anapokula chakula chako kwa moyo?

Alipomaliza akamgeukia Mama. Sauti yake ilitoka chini sana, niliisikia kifuani kabla ya masikioni.

"Munalala mu njia. Watoto wangu wanapitaka hapa wakienda kula."

"Njia gani?" Hamadi akauliza. "Mi naona majani tu. Tutaondoka kesho asubuhi."

"Kesho apana. Sasa. Mi naelewa watu. Baba yao haelewi. Ule mubwana hana akili."

Mama akacheka. "Hata wangu alikuwa vile. Hamadi, washa gari."

Hamadi alibisha kidogo, lakini akaenda. Gari halikuwaka. Zile taa zilikuwa zimemaliza betri. Akajaribu tena na tena, na ndipo nilipouona uso wake umebadilika, kwa sababu nyuma yetu maji yalianza kutoa pumzi. Pumzi nyingi, hapa na pale, zikikaribia.

Yule mwanamke akasema tu, "Panda." Nikamwinua Mama, nikamwingiza ndani, nikaondoa mawe. Hamadi akashika usukani. Mgeni wetu akaenda nyuma ya gari, akaweka bega lake kwenye mlango, akasukuma. Mlimani, ndugu yangu. Gari zima, vitanda, jiko, na sisi. Lilipanda taratibu, kama mtu anavyosukuma kitanda cha mtoto aliyelala, mpaka likafika karibu na nyumba ya yule mama wa bustani. Hamadi akaruka chini kumshukuru. Hapakuwa na mtu.

Halafu tukawasikia wakipita pale chini. Sitaieleza ile sauti. Ardhi ilitikisika mpaka vikombe vikagongana.

Asubuhi tulishuka na yule mama mwenye shamba. Kiti cha Mama kilikuwa kimekanyagwa, kimekuwa bapa kama sahani. Uwanja mzima ulijaa nyayo za viboko, vidole vinne vinne. Nyayo za aina hiyo hiyo, za mmoja tu, zilipanda mlima, katikati ya alama za magurudumu yetu, mpaka gari lilipokuwa limesimama. Pale zikaishia.

Hamadi akaanza kufunga mizigo. "Tunarudi, Mama. Nilikwambia, usiku ukiharibika."

"Uliharibika kwa nani?" Mama akauliza. "Mi nililala vizuri. Mgeni alikula, alikunywa, akatusukuma. We ndiye ulilala na viatu. Nipeleke kusini."

Tukaenda kusini. Mama aliliona ziwa lote, ghuba kwa ghuba, mpaka ambako milima inaingia majini. Mvua zilipoanza macho yake yakafunga kabisa. Siku hizi hukaa barazani akitueleza rangi ya maji ya kila mahali tulipolala, na sisi tulioona kwa macho mazima tumekwisha kusahau.

Kwenye mlango wa nyuma wa gari kuna shimo la bega, kubwa, la duara. Hamadi hajalinyoosha. Wateja humtania kwamba fundi bodi ndiye mwenye gari lililobonyea, naye huwajibu, "Ile ni sahihi ya mutu."

Kwa hiyo safiri, usiogope. Gari kuukuu linatosha, na kuagiza mahali mapema si lazima. Lakini mwenyeji akikuonyesha pa kulala, lala hapo hapo, usijichagulie pazuri zaidi. Ukikuta majani mafupi karibu na maji, jiulize nani anayala. Na mgeni aliyelowa akija jioni ya kiangazi kukuomba uhame, mpe maji, kisha uhame. Sisi tulibahatika akaja yeye kwanza. Angeweza kuja mume wake.