Nilisugua masizi ya nyumba ili inunuliwe, nusura nikose mnunuzi na mume

Wakuu, hamjambo humu jukwaani? Mimi ni bibi yenu, themanini nimeshazivuka. Sitatia chumvi, hata daktari kanikataza.

Nimesoma uzi wa jamaa anayepaka nyumba rangi apate mteja haraka. Nikacheka peke yangu.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Mume wangu alipata kazi stesheni ya reli Same, akashuka. Mimi, bi harusi, nikabaki juu milimani Mbaga kuuza nyumba yetu. Ikiuzwa tu, nami nashuka.

Nilimkumbuka yule mwanaume mpaka makande hayapiti kooni.

Mteja akapatikana, Mzee Elinazi, mzee wa kanisa wa kijiji cha pili. Akasema Alhamisi atakuja na mkewe kuitazama.

Basi nikajifanya mjanja. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na nyasi, moto unawaka ndani, juu yake dari ya fito ya kuwekea mahindi. Kote kweusi tii!

Nami nilishaona nyumba ya wamisionari inavyong'aa. Nikashusha mahindi, nikasugua boriti kwa majivu na mchanga siku tatu. Kupika nikahamia nje.

Alhamisi mzee akaingia. Sakafu niliyoisiliba vizuri hata hakuiona. Akainua macho juu kwenye boriti.

"Mwanangu, masizi yako wapi?"

"Nimeyatoa, baba. Nimesafisha."

"Umetoa dawa ya mchwa na fukusi, unasema umesafisha? Au humu hamkuwa mnapika?"

Jamani, kwetu masizi ndiyo sifa ya nyumba. Yanaonyesha boriti haziliwi na wadudu, na wenyewe walikuwa wanashiba. Nililijua hilo tangu mtoto! Uchu wa kushuka Same ulinipumbaza.

Nikalia palepale. Mkewe akanishika mikono, kucha nyeusi, vidole vimechubuka. Akacheka mpaka akakaa chini, akamgeukia mumewe.

"Baba Naza, huyu hadanganyi. Masizi yote yako hapa."

Mzee akatoa sharti: yakirudi, ananunua.

Wakuu, nilifukiza ile nyumba miezi! Kuni mbichi, asubuhi mpaka jioni. Majirani walikuja mbio mara mbili na vibuyu vya maji wakidhani naungua.

Siku moja mume wangu akapanda bila taarifa. Akanikuta natoka mlangoni, macho mekundu, machozi yanachuruzika.

"Mke wangu, kumbe unanililia hivi?" Akanifuta mashavu. "Kesho tunashuka wote, nyumba iuzwe isiuzwe."

Tukashuka. Shemeji yangu akaendelea kufukiza, na Mzee Elinazi akainunua baadaye, nyeusi kama chungu.

Somo: muulize mnunuzi anataka nini kabla hujashika brashi. Haya, nanyi mwageni yenu hapa chini, mlisafisha nini mkaharibu?

Mume wangu alimsimulia kila mgeni jinsi nilivyomlilia, na kila mara machozi yalimlengalenga. Nilimlilia kweli, usiku mwingi tu. Ila siku ile ulikuwa moshi, na sikumwambia mpaka nikamzika.