Desmond na Foleni ya Kiwavi

Mume wangu Desmond aliwahi kumrudisha mchungaji nyuma ya foleni. Ilikuwa siku ya Ijumaa, dukani kwa chipsi na samaki, na mchungaji alikuwa anawahi maziko. "Marehemu hana haraka, Mchungaji," Desmond alimwambia. "Foleni inaanzia huku nyuma. Kwani ulilelewa na nani?" Mji wetu wote wa Barnsley ulizipata habari. Tangu siku hiyo, Desmond akisimama mahali popote watu hujipanga nyuma yake, hata kama anafunga tu kamba za viatu.

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa utepe wa njano.

Mjukuu wetu Hattie ana miaka minane. Masikio yake, pua yake na ngozi yake vinaipokea dunia kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Lebo ya shati humchoma. Harufu ya vitunguu vikikaangwa humtapisha. Mashine za kukaushia mikono vyooni ni adui zake wa kufa na kupona. Hapendi kuguswa, na sharubu za babu yake, ambazo zilikuwepo kabla mimi sijaolewa, alizipiga marufuku tangu akiwa mdogo. Wawili hao husalimiana kwa kupungiana mikono, kila mmoja upande wake wa meza.

Lakini mtoto alikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko yote: kupanda Kiwavi. Hiyo ni treni ya kijani kwenye bustani ya michezo huko pwani, yenye macho makubwa, inayopanda vilima na kushuka huku inatabasamu. Mwaka uliopita mama yake alimpeleka. Wakapanga foleni mpaka kelele zikamzidi, wakarudi nyumbani bila kuipanda, na Hattie hakusema na mtu kwa siku kadhaa.

Safari hii tulijiandaa. Majira yote ya baridi Desmond alimkalisha Hattie kwenye kapu la nguo juu ya mashine ya kufulia, kisha akaiwasha izunguke kwa nguvu ili azoee mtikisiko wa treni, mimi nikishika kapu na kusali. Hattie alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mashine ilikufa mwezi wa tatu.

Getini kwenye bustani, binti mmoja alimkabidhi Desmond utepe wa njano wa kumfunga Hattie mkononi, ule wa watoto wanaozidiwa na kelele.

"Mwenye utepe huu hapangi foleni," akasema. "Mnapita mlango wa pembeni, moja kwa moja."

Desmond akamtazama kana kwamba ametumwa kuiba benki. "Tunawaruka watu?"

"Ndiyo, babu."

"Huku wanatuona?"

"Desmond," nikamwambia, "usianze."

Alianza. Badala ya kwenda mlango wa pembeni, mume wangu aliianza foleni ya Kiwavi mkiani, akawaomba radhi watu mmoja mmoja. "Samahani sana, si kawaida yangu. Ni masikio ya mjukuu wangu. Hapana, masikio yenyewe ni mazima. Samahani, dada. Naomba radhi, bwana, na mbwa wako pia." Kwetu mtu akikuomba radhi lazima nawe umwombe, kwa hiyo foleni nzima ikawa inaombana radhi. Bibi mmoja aliyekuwa wa mwisho tulipofika alitupita, akapanda, akashuka, akatupungia mkono. Mvumilivu hula mbivu, lakini mume wangu alivumilia mpaka zikaoza.

Hattie alikuwa amekandamiza mikono juu ya vifunika masikio vyake vya kuzuia kelele.

"Babu," akasema, "kelele ni wewe."

Kisha akakaa chini, akajikunja, na siku ikaishia hapo.

Jioni nilikuwa na hasira, na sikuificha. "Mwaka jana alishindwa na foleni. Mwaka huu ameshindwa na babu yake. Na kesho ndiyo siku ya mwisho ya likizo yetu hapa pwani."

Desmond alichovya biskuti kwenye chai mpaka ikakatika ikazama, na hata hakuiokoa.

Asubuhi tulielekea mlango wa pembeni bila kutazama kushoto wala kulia. Tulikuwa tumebakisha hatua chache tu, bwana mmoja mwenye kipara akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

"Wee mzee! Foleni inaanzia huku nyuma! Kwani ulilelewa na nani?"

Ni maneno ya Desmond, neno kwa neno. Uso ulimwiva, sharubu zikamtetemeka. Mabega ya Hattie yalikwisha kuanza kupanda kuelekea masikioni, na sisi tunajua maana yake. Nikaliona lile "samahani" linampanda Desmond kooni, nami nilikuwa mbali, nimebeba mikoba.

Hattie akaniwahi. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake chote juu ya mdomo wa babu yake, juu ya sharubu zile zile. Akakunja uso kama aliyelamba limau. Hakuutoa mkono.

"Zinakwaruza," akasema. "Nyamaza hivyo hivyo."

Wakaingia namna hiyo, babu ameinama, mtoto amemziba mdomo, wakakaa kiti cha mbele. Treni ikapanda, ikashuka. Machozi yalimtiririka Desmond mpaka kwenye vidole vya Hattie, naye hapendi kabisa kulowa, lakini mkono ulibaki palepale. Nami huku chini nililia kama mjinga. Yule mwenye kipara akaniuliza kama nina mtu wangu kule juu.

"Wote wawili," nikamjibu.

Akasema samahani. Nami nikasema samahani.

Hattie aliposhuka alitamka neno moja tu: "Tena." Wakairuka foleni ile ile mara ya pili, mkono mdomoni.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa dukani kwa chipsi. Trevor, jirani yetu, aliingia, akatupita sote mpaka kaunta, akaagiza. Duka zima likageuka kumtazama Desmond. Muuzaji akaacha hata kutia chumvi. Desmond akavuta pumzi ndefu, kisha akainua kiganja chake mwenyewe, akajifunika sharubu.

"Huwezi kujua," aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Pengine na yeye ana mtoto wake wa namna hiyo."

Trevor hana mtoto. Trevor alikuwa na njaa tu. Lakini sikumwambia.