Dirisha la Karo

Jumatatu nilipiga foleni katika chuo kimoja cha ufundi hapa Thika, nimeegemeza kiwiko kwenye vyuma vya dirisha la karani. Mbele yangu alikuwa mama mmoja kutoka Gatuanyaga na bintiye anayetaka kusomea welding. Pesa za ng'ombe waliyemuuza zilikuwa kwenye simu, na mama alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Aligonga dirisha kwa pete. "Hii ilichomelewa na wanafunzi wenu?"

"Hapana, mama," karani akajibu. "Tuliita fundi wa Ruiru."

Mama akarudisha simu mfukoni. "Basi twende kwa huyo fundi."

Binti hakusogea. Alikwangua rangi kwa ukucha pale vyuma vinapokutana, na chini yake tukaona matundu matupu.

"Mum, fundi wa kwetu amenipa brashi tu, mwaka mzima. Kazi yangu imekuwa kupaka rangi juu ya vitu kama hivi. Lipa. Nikimaliza, hii dirisha nitairudia."

Mama alitoa simu, akaomba namba ya kulipia.

Kama kozi hiyo ina faida, msiniulize. Mimi niliondoa kiwiko changu dirishani.