Plana Amebadilisha Tena

Juzi kiwandani nilimsikia mama mmoja akimwambia mwanawe kwenye simu, "Kuleni tu, Plana amebadilisha tena." Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mjini Brooklyn Park, tumeshavaa viatu, chapati zinanukia ndani ya foili, tunamngoja mama atoke kiwandani atupeleke ziwani. Simu ikalia. "Poleni wanangu, Plana amebadilisha ratiba. Mashine za laini yetu hazizimwi mpaka jioni."

Nilidhani Plana ni jina la mzee fulani mkorofi, asiye na watoto. Nilimlaani mpaka chapati zikapoa.

Kumbe ni cheo tu, cha mpangaji wa uzalishaji. Nami leo ndiye Plana. Sasa nisipobadilisha ratiba nifanyeje, jamani, na shampuu imejaa mapipani, vifuniko vya chupa havijafika?